Tundu Aliloliziba Baba

Nesi aliniomba nisimame mbele ya kina mama wa kliniki niwasimulie. Nilimwambia siwezi, labda niandike, yeye awasomee. Kuongea mbele za watu sikuweza hata kabla sijaungua.

Nilikuwa kidato cha pili hapa Bariadi. Sikuwa na marafiki, nilikuwa na daftari langu. Baba ni fundi wa kuziba vyombo. Sufuria, ndoo, mabirika, kila kilichotoboka kililetwa barazani kwetu naye akakiziba kwa risasi ya kuyeyusha. Watu walimtania kwamba ukisinzia karibu naye atakuziba pua. Nikitoka shule nilikaa pembeni yake nikiandika. Hatukuongea, na ilinitosha.

Mwaka ule kampuni binafsi zilianza kununua pamba, wageni wakajaa mjini. Mnunuzi mmoja alipanga chumba kwetu. Alikuwa na vyombo viwili vya kahawa. Kimoja cha kioo: unamimina maji ya moto, unasubiri, halafu unasukuma kichujio chini taratibu. Cha pili cha alumini nene, tulikiita birika la ghorofa. Maji yanakaa chini, kahawa katikati, moto ukikolea kahawa inapanda yenyewe juu. Msimu ulipoisha, hilo la ghorofa akamwachia baba.

Kwetu tumezoea uji na chai. Mama alitwanga kahawa kwenye kinu mpaka ikawa laini kama unga, akaishindilia. Tukaweka birika kwenye jiko la mkaa. Kahawa haikupanda. Mvuke ukatokea ubavuni, kwenye kitundu chenye kipini cha shaba.

Baba alicheka. Alisema yule bwana katuachia birika lililotoboka. Akaliziba siku hiyohiyo, vizuri, kama anavyoziba kila kitu.

Jumapili baada ya ibada niliachwa jikoni peke yangu, birika likiwa motoni. Niliinama kuangalia kama kahawa imepanda. Kukatokea mlio, kisha masikio yakaziba. Kipande cha juu kiliruka mpaka kwenye bati la paa. Maji na kahawa vikanipata shavu la kulia, shingo na mkono. Nilipovua blauzi, ngozi ya mkono ilitoka nayo. Majirani wakanipaka dawa ya meno.

Hospitalini, daktari alipoanza kuiondoa ile dawa ya meno, nilijikojolea. Alimuuliza mama kama nyumbani maji safi ya baridi hayakuwepo.

Wiki ya pili kidonda kilitunga usaha, homa ikapanda. Nilinuka. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliomba ahamishwe, wakamhamisha. Daktari akaniambia shingo itashikana nisipoinyoosha kila asubuhi. "Nyoosha hata ukilia," alisema. Nilinyoosha nikilia.

Baba hakuja. Mama alisema kazi zimemzidi. Daftarini niliandika kwa mkono wa kushoto: leo hajaja. Kuna kurasa zina maneno hayo tu. Niliamini akiuona uso wangu hatanitaka tena.

Niliporudi nyumbani alinisalimia akiangalia miguu yangu. Alikula amenipa mgongo. Barazani hapakuwa na chombo hata kimoja. Mama alikiri kwamba tangu siku ile hajaziba kitu, watu wanarudi na ndoo zao. Wodini nilikuwa mpweke kati ya wageni. Upweke huu wa nyumbani ulikuwa mbaya zaidi.

Siku moja nilikuta kipande cha chini cha lile birika stoo. Nikakipeleka barazani, nikakiweka mbele yake.

"Baba, hapa lilikuwa linapumulia."

Aliipapasa ile risasi kwa kidole. "Najua, ng'wanone, mwanangu. Yule bwana alirudi, nikamuuliza." Halafu akasema, "Nilikuwa nakuja kila asubuhi. Naishia mlango wa wodi. Nakusikia unanyoosha shingo, narudi."

Ndipo akaniangalia. Aliangalia shavu, shingo, mkono, polepole, kama anavyokagua chombo. Akauliza kama bado inauma. Nikamwambia siku za baridi.

Kina mama, mkipata birika la namna hiyo, kile kitundu cha ubavuni kiacheni wazi. Maji yasikifikie. Kahawa isiwe unga, wala msiishindilie. Moto uwe mdogo, nanyi msiinamie. Lile la kioo msilisukume kwa nguvu, maji hurukia mkono. Sisi tumerudia sufuria na kitambaa cha kuchujia. Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi kwa muda mrefu, kisha hospitali. Dawa ya meno ni ya meno.

Namshukuru Mungu, na daktari, na nesi anayewasomea. Shule nimerudi. Wananiangalia, ndiyo, na kwenye dawati langu nakaa peke yangu. Lakini nikitoka shule nakaa barazani na baba, upande wangu wa kulia, ulioungua, ukiwa kwake. Vyombo vimerudi. Mtu akileta kilichotoboka, baba hakigusi kwanza. Anakigeuza, ananionyesha, ananiuliza, "Hili tundu ni la nini?"