Sherehe ya Kumzuia Chebet Asiende Ulaya

Hii stori nikiisimulia bado najifunika uso na leso, lakini wacha niseme tu, kwa sababu huku kwetu kwenye mashamba ya majani chai hata mama wa maziwa anaijua, tena anaisimulia vibaya, afadhali mnisikie mimi mwenyewe.

Mimi ni in-charge, yaani msimamizi, wa wadi ya kujifungua katika kahospitali fulani, na manesi wangu walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, leo huyu Saudia, kesho yule Uingereza, mpaka nikawa naota wadi tupu. Nikaenda semina ya sisi wasimamizi, mwalimu akatuambia mfanyakazi asifiwe angali yuko, nikarudi nimewaka moto (si mnajua mtu akitoka semina). Wiki hiyo hiyo nikamkuta Chebet, nesi ninayemtegemea sana, nyuma ya stoo akinong'ona kwa simu, "Ni Ijumaa. Tafadhali sista asijue," (sista ndiye mimi) na mkononi ameshika picha za paspoti. Ningemuuliza tu. Sikumuuliza.

Badala yake nikapanga sherehe Alhamisi saa ya chai, keki, mursik yetu ya maziwa ya kibuyu, na (hapa ndipo shetani aliniingia) nikampigia mamake huko Fort Ternan aje tumshangaze binti yake pamoja. Akaja na pasta na mashangazi, na mimi niliita mtu mmoja, jamani! Nikasimama, wagonjwa wamekaa vitandani wakisikiliza, nikamsifu Chebet mpaka machozi yakanitoka, nikamalizia, "Tafadhali, usituache uende Ulaya!"

Mamake akapiga nduru. "Chebet! Ulaya? Na mimi ndio wa mwisho kujua?"

Chebet akatuangalia kama watu waliorogwa. "Ulaya gani, Mama? Sista, kesho nafanya mtihani wa kuendesha gari! Nimeanguka mara mbili, ndio maana sikutaka mtu ajue."

Wadi ikalipuka. Mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji akashika tumbo akituomba tusimchekeshe, pasta akaanza kuombea mtihani, na mimi nikatafuta shimo la kuingia nikakosa.

Ndipo Kiprono, nesi wetu mpole asiyeongeaongea, akaweka kikombe chini. "Sista, anayeondoka ni mimi. Nimepata kazi Nakuru. Tangu bibi yangu azae nimekuwa zamu za usiku tu, na hakuna mtu ameniuliza naendeleaje."

Kicheko kikakauka. Nikamvuta kando, nikamuuliza, na kwa mara ya kwanza sikuwa na hotuba. Aliongea mpaka chai yangu ikapoa. Jioni hiyo nikapanga zamu upya, zingine za usiku nikazichukua mimi (miguu bado inalalamika), na Kiprono yuko nasi mpaka leo. Chebet naye alipita, sasa anaringa na gari la mjomba wake.

Nimejiapia: nikiwa na wasiwasi na mtu wangu, navuta kiti namuuliza yeye mwenyewe, hata akiniona mmbea. Na mama ya mtu siiti tena kazini, hata akitaka kuniletea kuku.