Sura ya Tano Iliyofika Louisville Peke Yake

Namshukuru Mungu kwa mengi, simu ikiwemo, maana kwa simu naomba pamoja na binti yangu aliye Buffalo kila asubuhi kabla hajaenda kazini. Lakini mwaka huu simu hiyohiyo imenichosha kuliko ugomvi wowote niliowahi kusuluhisha tangu niwe mzee wa kanisa.

Mjukuu wangu wa kike, ninayekaa naye hapa ugenini Whitehall, anaandika hadithi ya mapenzi. Si ya siku hizi. Ni ya enzi za wafalme kule milimani kwetu Burundi, nchi ambayo yeye hajaiona, maana alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Binti wa ukoo wa watawala ameposwa na mzee wa baraza la mfalme, lakini moyo wake uko kwa kijana mpiga ngoma. Wakubwa wanakasirika, ng'ombe wa posa wanarudishwa, na watu wa ikulu wananong'ona mwaka mzima. Nilimwambia kwamba enzi za hao wakubwa babu zangu walikuwa wakiwachungia ng'ombe, hawakuwa na nafasi ya kunong'ona. Akacheka, akaniuliza vibuyu vya maziwa vilifunikwa na nini. Nikamjibu. Kwa hiyo lawama yangu imo pia.

Kila akimaliza sura hujirekodi akiisoma, ndani ya gari, saa ya chakula, nje ya ghala anakofanya kazi Reynoldsburg. Huituma kwenye grupu la ukoo kwa ajili ya akina mama wasiosoma. Na hadithi yote anaisimulia yule binti mwenyewe: niliamka, nilikwenda, nilimpenda.

Sura ya tano ilimliza binti yangu wa Buffalo. Akaituma kwa rafiki yake wa tangu kambini. Hakutuma ya kwanza, wala ya pili, wala hakuandika neno la kuielezea. Kwetu sauti ikiingia unaisikiliza, unalia au unacheka, unaisukuma mbele. Nani anauliza ilianzia wapi? Baada ya siku tatu ikafika Louisville, kwa mama wa kijana aliyekuwa akimposa mjukuu wangu. Wajumbe wao walikuwa waje kwetu Jumamosi ileile.

Mama yule akasikia sauti anayoijua vizuri ikisema: "Wamenipa mtu nisiyempenda. Jana niliruka uzio wa matete nikaenda kwa mpiga ngoma, na sijuti."

Alinipigia Alhamisi. Hakupandisha sauti. Alisema wageni hawatakuja, na kwamba wanatuombea. Nikauliza kuna nini, akanichezea ile sauti. Nikamwambia ni hadithi. Akanijibu kwa upole kwamba ananielewa, hata yeye angemtetea mjukuu wake. Shida ilikuwa hivi: kwaya yetu ina mpiga ngoma, mtu mwenye mke na watoto wanne, na Louisville wanamfahamu.

Mjukuu wangu alipopata habari alikaa jikoni na nguo zake za kazi, asile. Anampenda yule kijana wa Louisville. Na kijana alikuwa ameifuata hadithi tangu mwanzo na amemweleza mama yake, naye mama alimwambia tu kwamba mapenzi yamempofusha.

Kwa desturi yetu upande wa binti hauendi kubisha hodi kwa upande wa kijana. Ni kama kumtembeza binti akitafutiwa mume. Nilikwenda. Mwendo wa saa tatu na zaidi, mwanangu wa kiume akiendesha gari, nami nikimwomba Mungu uvumilivu ambao nilidhani ninao.

Tulimkuta yule mama na shemeji zake wawili, wazee wa kanisa kama mimi. Chai ilikuwa tayari. Niliwaeleza hadithi ya kubuni ni nini kwa muda ambao ningeweza kuhubiri mahubiri mawili. Shemeji mkubwa akauliza huyo mpiga ngoma ni wa familia gani.

"Hayupo," nikasema.

"Kama hayupo, alimpendaje?"

"Alimtunga."

"Kwa hiyo alimfikiria."

Nikaweka kikombe chini. Nikawauliza ni nani kati yao aliyewahi kuona uzio wa matete Whitehall, kwenye maghorofa yetu yale yaliyozungukwa na maegesho ya magari. Nikasema Bwana wetu naye alifundisha kwa mifano, na hakuna aliyemkatisha amwulize shamba lile liko wilaya gani. Kisha nikawachezea sura nne za mwanzo, mfululizo. Waliposikia mfalme, na walinzi wenye mikuki langoni, shemeji mdogo akaanza kucheka, amefunika mdomo kwa aibu.

Mama hakucheka. Shida yake ilikuwa ya kweli: sauti ile ilikwisha kusikika kwa watu ambao hawatakuja kuketi kwenye kochi lake wasikilize sura nne.

"Mzee wangu, mimi nimekuamini," alisema. "Lakini mkwe wangu akiendelea kusema 'nilimpenda' kwa sauti yake mwenyewe, kila Jumapili nitakuwa mlangoni mwa kanisa naeleza."

Nilifungua kinywa niahidi kwamba ataacha kuandika. Hilo ndilo nililokwenda nalo. Lakini nikamwona akilini mjukuu wangu anavyorudi kutoka ghalani mgongo unamuuma, akaketi na daftari, na uso ukamfunguka. Sikuahidi. Nikasema sura zisomwe na mtu mwingine, mtu ambaye hakuna atakayemdhania neno.

Mama akasema: "Basi usome wewe."

Wote wakakubali upesi mno, mwanangu akiwa wa kwanza.

Wageni walikuja Jumamosi iliyofuata, na posa ikapokelewa kwa shukrani. Jumanne yake mjukuu wangu akanikalisha mezani na karatasi za sura ya sita, akanishikia simu. Nilisoma vizuri hadi mahali ambapo binti anaguswa shavu na magoti yanamlegea. Nikaomba turuke.

"Haturuki, babu," akasema. "Rudia, na usisome kama unatoa matangazo ya ibada."

Nikarudia. Rekodi ya nne ndiyo aliyoikubali.