Kamera Iliyomvisha Baba Maua

Naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wakwe zangu, maana wao wakianza wanaongeza chumvi, na aibu niliyonayo inanitosha.

Kamera ya laptopu yangu ilikuwa imekufa, na siku hiyo ukoo wa Mujuni, mchumba wangu, ulikuwa umekusanyika Bukoba ili bibi yao anione. Bibi hawezi tena kusafiri, na kwao bila bibi kukubali hakuna ndoa. Nikanunua kamera ya kuchomeka. Muuzaji akaniambia, "Dada, chomeka tu, itajisoma yenyewe." Mimi sasa (kiherehere changu mnakijua) nikaona ndani ya boksi kuna CD, nikasema watu hawawezi kuweka CD bila sababu, nikaiingiza, kila ilichouliza nikakubali, draiva sijui za nini, programu ya urembo, programu ya kufuata uso, mpaka nikajiona kwenye kioo cha laptopu nimevaa taji la maua na kope ndefu. Nikayazima maua. Au nilidhani nimeyazima, hadi leo sielewi. Ile ya kufuata uso nikaiacha, nikaona ni ya kisasa.

Saa ikafika, sebuleni kwetu Pasiansi, mimi na kitenge changu mbele ya meza, mama pembeni, baba anajiandaa ili aitwe baadaye. Bibi akatokea. Mimi nimelelewa Kisukuma, mtu mzima humsalimii ukiwa umekaa kwenye kiti, nikapiga magoti pale pale, "Shikamoo bibi," nikazama chini ya meza.

Marahaba sikuisikia. Halafu Mujuni akakohoa, halafu bibi akauliza, "Ndiye huyu?"

Nikajua sijainama vya kutosha. Nikainama mpaka paji la uso likakaribia sakafu, "Shikamoo bibi!"

"Mbona ana ndevu?"

Ndevu? Nikajishika kidevu (kweli, nilijishika). Huko kwenye laptopu watu wanacheka, mama ananikanyaga vidole, sijui anataka niinuke au nizidi kuinama, nikabaki nusu nusu. Nilipochungulia, aliyejaa kwenye kioo alikuwa baba yangu mzazi, katoka kuoga, taulo kiunoni, anatafuta pasi kwenye kabati nyuma yangu, na kichwani ana taji la maua na kope ndefu. Kila akisogea, kamera nayo inamfuata uso.

"Baba, toka!" nikapiga kelele kutoka chini ya meza.

Baba akageuka, akaona wageni, akasimama wima na taulo lake. "Karibuni sana," akasema.

Nikabofya pa kuzima, akaota mabawa. Nikachomoa waya.

Nililia, jamani. Nilijua ndoa imeishia hapo. Simu ikaita, alikuwa Mujuni, akampa bibi.

"Huyo wa maua simtaki," bibi akasema. "Nipeni yule aliyekuwa ananisalimia chini ya meza, amenisalimia mara mbili na mimi sijamwitikia hata moja. Marahaba, mwanangu."

Tulioana. Lakini kifaa kikija na CD, siku hizi hata boksi silichungulii, nachomeka tu kama nilivyoambiwa. Bibi naye hajasahau. Akimpigia baba simu huita, "Bi harusi!" na baba yangu, mwanamume mzima, huitika, "Abee!"