Moshi Katika Pembe ya Posa

Kwao Mithika, karibu na mji wa Nkubu, pombe ya posa haikunywewa kabla yeye hajaionja. Pombe imebomoa nyumba nyingi, nami siisifu. Lakini ulimi wa mzee huyu haukujua upendeleo. Na desturi ilikuwa moja: baba wa msichana akimeza, posa imekubaliwa. Akitema, imekwisha, wala hairudiwi.

Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilifunga msitu wa mlima ili kuwanyima wapiganaji maficho, na mizinga yote ya nyuki ilikuwa humo. Kirimi, mwana wa pekee wa kiume wa Mithika, aliingia kwa siri kutafuta asali ya kutengenezea pombe ya posa ya dada yake, Karwirwa. Aliwasha moshi kufukuza nyuki. Askari waliuona moshi, wakampiga risasi, kisha wakamwandika gaidi. Kumlilia hadharani kukawa kosa.

Posa ikaja bila asali. Koome, mchumba, alikuwa mpishi wa ofisa mzungu. Alileta wiski ya Skoti, mchanganyiko wa bei nafuu aliopewa Krismasi. Karwirwa aliimimina kwa furaha katika pembe ya kunywea.

Mithika alinusa, akagusisha ulimi.

"Shayiri," alisema. "Imetoka vyungu vingi, lakini aliyeichanganya hakuwa mvivu. Inakwaruza kidogo. Si mbaya."

"Meza basi, mzee!" alidakia Muriithi, baba mdogo wa Koome. "Au utaimaliza kwa kunusa?"

Wazee wakacheka. Mithika akatia funda kubwa mdomoni. Utamu wa asali ulitangulia. Nyuma yake ukaja moshi.

Akatema.

Kicheko kikakatika. "Umetukataa?" Muriithi aliuliza.

Mithika alimtazama Koome, mtu aliyekuwa akilala nyumbani kwa ofisa, akamrudishia Karwirwa pembe bila kuthubutu kutaja sababu. Wageni wakachukua chupa yao. Koome aligeuka langoni, hakuna aliyemwita.

Baadaye Karwirwa alikuwa akiosha pembe.

"Baba, ilikuwa mbaya hivyo?"

"Ilikuwa nzuri, mwanangu. Ilikuwa asali na moshi. Nilishindwa kummeza ndugu yako."

Karwirwa aliendelea kuosha pembe iliyokwisha kutakata.

Koome aliposa kwingine kabla msitu haujafunguliwa. Kwa heshima ya zamani, alimtuma mjumbe amwite Mithika aonje pombe ya posa hiyo. Karwirwa ndiye aliyetoka uani kumjibu kwamba baba yake ameacha kuonja.