Ndeshi Hakuwa Kwenye Safari Binafsi

Akili yangu imegoma, jamani. Ndeshi tumemzika wiki iliyopita kwao, pembeni ya migomba ya baba yake, na leo asubuhi nimeshika simu nimpigie.

Kwa msiomjua: alikuwa mratibu wa kazi za jamii hapa chuoni kwetu, Arusha. Kazi yake ilikuwa kutusaidia sisi wahadhiri tufundishe na kufanya utafiti pamoja na wananchi, siyo juu ya migongo yao.

Nilitaka kulia kimyakimya. Lakini nimesoma tangazo la chuo: eti amefariki kwa ajali ya pikipiki "akiwa katika safari binafsi".

Binafsi! Ndiyo maana naandika.

Nilimfahamu nikiwa mgeni kazini. Nafundisha kemia. Alipiga hodi, akauliza hata kabla hajakaa, "Mwalimu, wanafunzi wako wanapima maji ya wapi?" Nikamwambia ya bomba la maabara. Alicheka mpaka akashika meza. "Watu wa mlimani wanakunywa maji yenye floridi nyingi, yanawaharibu meno na mifupa, wewe unapima ya bomba?"

Wiki hiyohiyo tukapanda naye mlima Meru, kwenye kitongoji kimoja juu kule. Tukamwamkia bibi aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe. Akaitikia, kisha akasema, "Nyie wa chuo mlishakuja. Mlichukua maji, mkapiga picha meno ya wajukuu zangu, mkapotea."

Mimi nilitafuta pa kuficha uso. Ndeshi akapiga magoti kidogo. "Pole sana, bibi. Ni kweli. Safari hii majibu nitayaleta mwenyewe."

Na alivyotulea sisi waoga! Mwenzetu wa uhasibu alikuwa anaogopa kusimama mbele ya akina mama wa vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, kule Sombetini mjini. Ndeshi akamfanyisha mazoezi kantini, yeye akijifanya mama mbishi muuza ndizi. "Baba, hicho Kiingereza unamwambia nani? Mimi nina mkungu wangu unaiva hapa!" Watu waliacha kula kwa kicheko. Leo darasa la yule mwenzetu linaenda Sombetini kila muhula, na akina mama wanamwita mwanetu.

Shukrani yake ilikuwa nini? Kila kikao, wimbo uleule: "Hayo ni mambo ya NGO, siyo taaluma." Mkubwa mmoja alimwuliza mbele yetu sote, "Dada, huu ni utafiti au ni huduma ya kanisa?"

Ndeshi hakupandisha sauti. "Ni utafiti ambao waliotoa maji wanajua majibu yake."

Ofisi yake wakaihamishia chumba cha viti vibovu. Lakini wageni wa nje wakija, haraka haraka anaitwa akae mbele kwenye picha. Hapo ndipo jamii inakuwa muhimu.

Sasa niseme ya siku ile, maana nilikuwepo akiondoka.

Hatimaye majibu ya maji ya kule kwa yule bibi yalikuwa tayari. Kisima cha karibu na shule hakifai kabisa kwa watoto. Chemchemi ya juu inafaa. Wananchi walishaitwa mkutanoni. Ndeshi aliomba gari la chuo mapema, akakumbushia kwa email, akaenda hadi mlangoni kwa wahusika. Akajibiwa gari limepangiwa wageni, wanapelekwa kula chakula cha mchana.

Mimi nilikuwa nasimamia mtihani. Nikamwambia, "Ahirisha basi, dada."

Akanitazama. "Niwaambie watu wazima walioacha mashamba yao warudi nyumbani, kisa wageni wana njaa? Siwezi, mwalimu."

Akapanda bodaboda. Mvua ilikuwa imenyesha, na mnaujua udongo wa Meru ukilowa. Kwenye mteremko wa kuingia korongoni pikipiki ikawashinda. Dereva amevunjika mguu. Ndeshi hakufika hospitali.

Nauliza tena: hiyo ndiyo safari binafsi? Alikuwa anaenda harusini? Alikuwa anaenda kununua viatu?

Msibani, mwakilishi wa chuo akasoma maneno yaleyale, mbele ya mama mzazi! Mwenyekiti wa kitongoji kile cha mlimani akasimama bila kuitwa, kofia mkononi.

"Samahani mchungaji. Nasikia inasemwa safari binafsi. Huyu binti alikuwa anakuja kwetu. Tulikuwa tumekaa tunamsubiri. Sisi ndio mashahidi."

Umati mzima ukaguna. Mwakilishi akaketi hajamaliza kusoma. Na mpaka naandika hapa, tangazo liko vilevile.

Wakubwa wangu, najua mnasoma. Niiteni kwenye kamati ya nidhamu, nitakuja. Andikeni ukweli: alikufa akiwa kazini. Mama yake anastahili kuusoma. Na wako wahadhiri vijana wanaotazama wajue mtu akifia kazi hii mnamwitaje.

Jana wachache wetu tumepanda mlimani kwa magari yetu. Nimesimama mbele ya mkutano. Nimeyasema majibu kama alivyotufundisha, bila mbwembwe: maji ya kisima hiki msiwape watoto, ya chemchemi wapeni. Wakauliza maswali mengi, mengine makali, nikajibu. Kisha akina baba wakabishana hapohapo bomba la kushusha maji ya chemchemi lipite shamba la nani, na kabla hatujaondoka jembe la kwanza likawa limeshaingia ardhini.

Ndeshi, majibu yamefika. Wanachimba mtaro kutoka kwenye chemchemi.

Ulikuwa kazini, dada yangu. Tutalisema hilo kwenye kila kikao mpaka walioandika wafute.

Wewe pumzika sasa, kelele tuachie sisi. Lala salama.