Mti Uliobaki na Mizizi ya Upande Mmoja

Jua linachomoza Butiama, na Wegesa Mseti amesimama mbele ya mti, jembe begani. Hachimbi. Anautazama tu, mkono mmoja ukishika kiuno kinachomuuma.

Mama huyu wa miaka 58 huchimba mizizi ya dawa ya maumivu ya viungo. Jina la mti tunalisitiri; vilima hivi vimechimbwa vya kutosha.

Kwa miaka sita mizizi yake imekwenda kwa Florian, mtafiti wa dawa anayetokea Musoma. Gunia moja ni shilingi elfu thelathini, na ndizo zinazonunua unga nyumbani.

"Zamani nilikuwaga napata gunia hapa hapa chini," anasema. "Sasa napanda mpaka magoti yanalia. Nimechoka, mwanangu. Nimechoka kabisa."

Alivyofundishwa na mama yake, mchimbaji huchimba upande mmoja wa mti, kisha hufukia shimo. Akiliacha wazi, mgonjwa haponi. Wengine wamepita hapa bila kufukia chochote. Umebaki mti huu mmoja, na upande wake wa magharibi Wegesa aliuchimba mwenyewe mwaka jana.

Wiki iliyopita Florian alimletea habari: maabara imefaulu kutengeneza kiini cha ile dawa kwa kemikali, bila mzizi. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyebeba taarifa ya msiba, maana kazi ya mama ilikuwa imekwisha.

"Nikamwambia Mungu asifiwe! Mngechelewa kidogo, mti ungekuwa kuni," anasimulia Wegesa. Lakini unga utatoka wapi, hajui.

Ila Florian aliomba mzizi wa mwisho, walinganishe kiini cha maabara na cha mti. Bila huo, utafiti unakwama.

Wegesa anashusha jembe. "Sichimbi. Nikigusa upande wa pili, huu unaanguka."

Nyumbani, Florian anamsubiri. Mama anainama kwa taabu, anavuta kifurushi kutoka uvunguni na kumpa. Ni mizizi mikavu, akiba ya kutibu kiuno chake mwenyewe.

"Sasa mama, wewe utatumia nini?" Florian anauliza.

"Nitaumia tu. Si nimezoea?"

Florian anamweleza kwamba kuna majaribio mengi mbele. Huenda ikapita miaka kumi kabla ya kidonge kufika hospitalini. Wegesa anaguna. Yeye ana mpango wake: kuokota mbegu za ule mti na kuziotesha nyuma ya nyumba.

"Mche ukikubali, nitakuwa nimefukia shimo langu," anasema, akikaa chini polepole. "Na hicho kidonge kikitoka, mniletee na mimi. Ila msije mkaniuzia."