Namba Iliyovuka Mto wa Mchanga

Kwetu, upande wa Zombe, mto ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Jua likipanda huutandazia mng'ao, mpaka mtu aliye ng'ambo huonekana kama anatembea ndani ya maziwa. Jumapili ile nakumbuka kila kitu kikielea: kanisa, mbuzi, migunga, hata mama yangu, aliyekuwa juu ya jiwe kubwa la ng'ambo na simu yake ya kubonyeza mkononi, mdogo kama punje ya mtama.

Alipandishwa huko na kompyuta. Ile ya zamani ya kanisa ilikuwa imekufa kifo cha kishujaa, tumboni ikiwa na vumbi la kutosha kupanda ekari nzima ya kunde. Hiyo ilimjua mama. Kila Jumapili baada ya ibada alikaa mbele yake, nami nikabonyeza, na dada yangu anayefanya kazi za nyumbani Arabuni akatokea. Hii mpya haikumjua mtu. Niliandika neno la siri la akaunti ya mama bila kukosea. Ikasema sawa, lakini kifaa hiki sikifahamu; nimetuma namba kwenye simu yako, iandike hapa kabla haijaisha muda.

Simu yenyewe ni ya mama, na kanisani kwetu netiweki ya simu hupati hata ya kukopa. Kuna mtandao wa kanisa tu, unaoshuka kwenye sahani iliyo juu ya paa, na simu ya mama haina habari na sahani. Netiweki iko juu ya lile jiwe. Simu yangu mimi, ile ya maana, ilikuwa kwa fundi mjini Sultan Hamud, ambaye alikuwa akiniahidi "kesho" tangu Nuhu hajanunua mbao. Na dada hapatikani kwingine ila ndani ya akaunti ile ya mama.

Kabla kompyuta ya zamani haijafa, dada alikuwa ameandika kwamba aliugua, akalazwa, akapona. Hilo la mwisho mama hakuliamini. "Maandishi hayana mashavu," alisema. Na siku ilikuwa hiyo hiyo: kesho yake matajiri wa dada wangesafiri naye mbali, kwa wazee wao, ambako hangeshika simu mpaka warudi, na kurudi kwao hakuna aliyekujua. Mama asipomwona alasiri ile, angebaki na neno "nimepona" kama mtu aliyepewa mfuko uliofungwa akakatazwa kuufungua.

"Nipe simu nipande mimi," nilimwambia.

"Na kompyuta ibonyezwe na nani, mbuzi? Pasta amesema simu na namba za siri haziachiwi mtu. Hata mtoto wako. Hasa mtoto wako."

Kwamba namba yenyewe ingepigiwa kelele bonde zima, hilo Pasta hakuwa amelisema.

Katikati ya mto alikuwepo jirani yetu akichota maji kwenye kisima cha mchanga. Huyu ni nguzo ya kwaya. Akivuta pambio, ng'ombe wa Makueni hugeuza vichwa. Tukakubaliana: mama atasoma, jirani atapokea, mimi nitaandika nikiwa dirishani.

Nikabonyeza. Baada ya muda mkono wa mama ukainuka kule juu, na sauti yake ikaja ikiyumba juu ya mchanga.

"Mwenzangu, nuvoo?"

"Nuvoo. Umeshindaje? Na hilo goti?"

"Goti linanisumbua. Mbuzi wako alizaa?"

"Alizaa mapacha, mmoja ni mweupe…"

Namba ikafia hapo, kati ya pacha wa kwanza na wa pili.

Nikatoka nje nikapaaza sauti kwamba tafadhali, safari hii tuache salamu. Nikabonyeza tena. Mama, mtu mtiifu siku za Jumapili, akaita tarakimu kavu, bila hata jina la mtu. Jirani akaangusha mtungi.

"Uuuwi, ni nani amekufa?"

Kwetu hakuna anayekupigia kelele ng'ambo ya mto bila kukujulia hali, ila kukiwa na msiba au nyumba inaungua. Mpaka mama alipomtuliza, namba ya pili nayo ilikuwa marehemu. Kompyuta ikaniandikia kwa upole kwamba imebaki mara moja; baada ya hapo itafunga mpaka kesho.

Nilisimama pale dirishani, vidole mbali na kompyuta. Nilikuwa nimehitimu ngumbaru, nimekaa darasa la usiku mpaka popo wakanizoea, na hakuna somo lililotaja jambo hili.

"Profesa wa ngumbaru," jirani akaniita, "hiyo masomo yenu ya usiku hawafunzi watu kusalimiana?"

"Wanafunza, mama. Shida ni muda."

Akageuka, wakasemezana na mama, akanirudia. "Mama yako anasema usiguse kitu. Tusalimiane kwanza tuzimalize zote. Zikiisha, ndio uite hiyo namba yako."

Basi wakasalimiana. Waliulizana goti, mapacha, kunde, mvua iliyopita Mutomo ikatukwepa, mkwe wa Makueni, kuku aliyeatamia mawe. Sauti zilikwenda na kurudi juu ya ule mng'ao taratibu, kama kitambaa kinachokunjwa na watu wawili, na mimi nilihisi ningeweza kulala nimesimama nikaamka nikiwa na wajukuu. Kisha salamu zikaisha. Hakuna aliyebaki bila kuulizwa hali.

Jirani akainua mkono. Nikabonyeza.

Tarakimu zilivuka moja moja, safi, kila moja ikisemwa kule juu na kurudiwa mtoni. Sita. Akaunti ikafunguka, na kabla sijakaa dada alikuwa anapiga.

"Mama yuko wapi?"

"Juu ya jiwe."

"Jiwe la nini? Nina dakika chache."

Jirani alishampasha mama habari. Nikamwona akishuka, yeye ambaye ngazi za kanisa humchukua sala nzima. Alivuka mchanga huku jua limemfuta miguu, akawa kitambaa cha kichwa tu kinachokuja, kinachokuja. Akaingia, viatu vimejaa mchanga, akakaa.

"Mwaitu," dada akamwita mama kwa lugha ya nyumbani.

Mama akasogeza uso karibu na kioo. "Simama," alimwambia.

Dada akaegemeza simu mahali, akasimama.

"Geuka. Sasa inua mikono. Cheka."

Dada akacheka, kicheko kikafika nyuma kidogo ya mdomo. Mama alivua kitambaa, akafuta vumbi la kioo lililokuwa juu ya ule uso, akautazama tena, shavu hili, kisha lile.

"Haya, kaa," akasema, na mabega yake yakashuka. "Sasa niambie, huko hospitali nani alikuwa anakupikia uji?"